Koili Mbili za Nafula

Siku Tsofa alipokutana na Nafula alikuwa amenaswa mguu na waya. Ulikuwa waya mwembamba unaong'aa, uliokuwa ukijifungua wenyewe katikati ya soko la Ukunda, ukapita chini ya mkokoteni wa madafu, ukazunguka gurudumu la tuktuk iliyongoja abiria, kisha ukamzunguka yeye kifundo cha mguu. Asubuhi ile kila mtu alikuwa na haraka. Makanga walikuwa wakiita watu wa feri, bodaboda zikipenya mahali ambapo hata mbuzi angesita, na Tsofa, ambaye hata akinywa chai goti lake halitulii, alikuwa akikimbilia kazini Diani. Akavuta mguu, na waya ukakaza.

"Usitembee!" Sauti ya kike ikapaa kutoka nyuma ya mkokoteni. "Bro, tafadhali, usitembee! Utaukunja wote!"

Akatokea msichana aliyepiga magoti mchangani, suruali yake ya jinzi imechafuka, blauzi ya kitenge imemteleza bega moja, na miwani ya kukuzia, ile ya mafundi saa, ikining'inia shingoni. Alikuwa akiukunja waya kwenye kigurudumu cha plastiki huku akitambaa kumfuata.

"Dada," Tsofa akasema, "huu waya ni wa stima, ama ni wa kunasia wanaume?"

"Ni wa koili. Ungekuwa wa kunasia wanaume ningeutupa mbali zaidi."

Muuza madafu akacheka hadi akashika mbavu. Tsofa akachuchumaa ili kujinasua, na alipochuchumaa nyuso zao zikakaribiana. Msichana alinukia poda na risasi ya kulehemu. Tsofa akasahau kwamba amechelewa.

"Koili za nini?"

"Za vepu. Hizi sigara za betri. Najenga koili, hiyo waya inachemsha mvuke, hapo mbele, kwa kibanda cha bluu."

Tsofa akatia mkono mfukoni, akatoa vepu yake, bomba fupi la shaba aliloachiwa na mzamiaji mmoja Mzungu. Msichana alipoliona alisimama wima. Alilifungua papo hapo, katikati ya watu, akavaa miwani yake na kuchungulia ndani.

"Nani amekujengea hii koili takataka?"

"Mimi mwenyewe. Nilitazama kwenye simu."

"Unataka kufa?"

"Si leo. Leo nimekutana na wewe."

"Acha zako, sikia. Hii ni meki. Ni bomba na betri, basi. Hakuna fyuzi, hakuna kitu ya kukuuliza kama uko na akili. Boksi, zile za kioo, ziko na kibao ndani. Kabla kipeleke moto, kinapima koili kwanza. Kikiona omu ziko chini sana, kinakataa. Meki haikatai. Ukibonyeza, betri inatoa yote iko nayo."

"Na omu ndiyo nini?"

"Ni breki. Koili ndiyo inashikilia betri isitoe kila kitu mara moja. Kwa boksi, breki ikiwa hafifu, kibao kinakuokoa. Kwa meki, breki ikiwa hafifu, betri inachemka mkononi. Umeelewa?"

"Nimeelewa kwamba mimi ni meki. Nikipenda, natoa yote mara moja."

"Na mimi ni boksi," akajibu, akimrudishia bomba lake. "Napima kwanza. Toa mguu kwa waya yangu."

Jina lake lilikuwa Nafula. Alitoka Bungoma kuja kutafuta kazi ya hoteli, akakuta kazi za hoteli zina wenyewe, akaishia kibandani Ukunda akiuza chaja na kubandika vioo vya simu. Koili alijifundisha. Mteja mmoja alimletea vepu iliyoungua, akaifungua kwa udadisi, na tangu siku ile vidole vyake havikupata raha tena. Alisuka nyaya mbili, tatu, akazizungushia uzi wa chuma kwa juu, akazipinda juu ya sindano, akazipima, akazikaza, akazipima tena. Vijana wa baa za Diani walimfuata. Wageni wa nyumba za kupangisha walimfuata. Fauzia, mama wa Kidigo aliyekuwa akikaanga viazi karai kibanda cha pili, alisema hajapata kuona watu wazima wakipanga foleni kwa ajili ya mvuke.

Na Tsofa alimfuata. Mwanzo alikuja na sababu: pamba imeungua, kifuniko kimelegea. Baadaye sababu zikamwishia akawa anakuja tu, na mfuko wa mabuyu mkononi.

"Huyo mtu wako wa boti amekuja tena," Fauzia akawa anapaza sauti. "Mwambie akae, mwanangu, ananitikisia meza!"

"Si mtu wangu."

"Wallahi? Basi nimpe binti yangu."

"Fauzia, wacha."

Nawaambia mapema ili msije mkanilaumu: Tsofa alikuwa mtu mwema mwenye woga mmoja, na woga huo ndio uliotaka kuharibu kila kitu. Alizaliwa Kinango, bara ya kwao, kwenye mbuzi na vumbi, mbali na bahari. Aliteremka pwani kijana mdogo akapata kazi ya kamba na nanga kwenye boti za Mzee Baya, zile za injini mbili zinazopeleka watalii kutazama pomboo upande wa Wasini. Alichokitaka duniani kilikuwa usukani. Sasa nahodha wa boti kubwa alikuwa anastaafu, na Mzee Baya alikwisha kumwambia, "Ukipata cheti, boti ni yako kuiendesha." Kilichobaki ni kupimwa macho.

Na macho ya Tsofa hayakuwa yakitenganisha nyekundu na kijani. Aliona vizuri, aliona mbali kuliko wengi, lakini rangi hizo mbili kwake zilikuwa kitu kimoja, kama matope. Boti zina taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia, ili giza likiingia mabaharia wajue nani anakwenda wapi. Hakuna anayempa usukani mtu asiyezitofautisha. Kwa hiyo Tsofa hakumwambia mtu yeyote, hata mama yake. Zile picha za nukta za rangi ambazo madaktari wa macho huwaonyesha watu alizitafuta kwenye simu akazikariri zote, moja baada ya nyingine, namba zilizofichwa ndani yake, hadi akawa anaziota.

Nafula alikuwa na sharti lake moja. Koili ya boksi aliweza kumpa mtu akaenda nayo nyumbani, maana kibao kingemlinda. Koili ya meki haikutoka kibandani peke yake. Aliitia mwenyewe, akaipima ikiwa imeshakazwa, akaikagua na betri kama ngozi yake haijachanika, ndipo akamkabidhi mtu bomba lake. Wateja walinung'unika. Hakujali.

Sasa Cliff, mtoto wa Mzee Baya, kijana mwenye maneno mengi na saa kubwa ya dhahabu, alikuwa na boksi. Akaziona koili za Tsofa, akazitamani.

"Mwambie Nafula anitengenezee mapacha wa hizo," alimwambia Tsofa. "Zifanane kabisa, boss. Tukae hivi, tupulize mawingu, nirekodi."

Nafula akazitengeneza, na za Tsofa mpya pamoja nazo. Ukizitazama hukuona tofauti: unene ule ule, mizunguko ile ile. Tofauti ilikuwa madini ya waya wa ndani. Za Cliff zilikuwa na breki ndogo sana, zilitaka kibao cha kuzisimamia. Za Tsofa zilikuwa na breki ya kutosha.

Tsofa akaja kuzichukua Jumamosi mchana, kofia mkononi, jasho likimtoka, tuktuk ikimngoja na injini inanguruma.

"Meki iko wapi?" Nafula akauliza.

"Nimeiacha botini. Nipe tu, mpenzi, nitaitia mwenyewe. Cliff anangoja, wageni wanangoja."

"Si unajua sharti yangu?"

"Najua. Lakini mimi ni mteja kama wengine?"

Alisema hivyo akitabasamu, kichwa amekiinamisha kidogo, shati jeupe limemkaa mabegani. Nafula akampima, kama alivyosema huwa anapima, na kipimo kikashindwa. Akachukua vipande viwili vya uzi wa kushonea.

"Haya, angalia. Uzi mwekundu ni wa meki, zako. Uzi wa kijani ni wa boksi, za Cliff. Usichanganye, Tsofa. Nyekundu, zako."

"Nyekundu zangu," akaitikia.

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno moja tu, naye angefunga fundo moja na mafundo mawili, mambo yakaisha. Lakini tuktuk ilipiga honi, na mtu aliyeficha jambo maisha yake yote halitoi kwa sababu ya uzi. Akambusu kwenye kidole chenye makovu ya waya akaruka ndani ya tuktuk.

Aliichukua meki botini, na kule baani, ufukweni, alizitoa koili zote mbili akazigeuza kwenye jua. Aliona uzi na uzi. Akaukisia ule uliomwonekea mzito zaidi. Akaukata, akatia koili kwenye bomba lake, akampa Cliff zile nyingine.

Cliff akawasha kamera. "Haya familia, mawingu ya Diani! Tsofa, piga!"

Tsofa akabonyeza. Wingu la kwanza lilikuwa kubwa, watu wakashangilia. La pili likawa kubwa zaidi. La tatu, bomba likawa moto. Alipotaka kuliachia, betri ilikwisha anza kupiga mluzi, na moshi mweusi ukatoka kwenye matundu ya chini. Alilitupa mchangani likalipuka, lakini kiganja chake cha kulia kilikuwa kimebabuka ngozi.

"Ona!" Cliff akapiga kelele huku bado anarekodi. "Koili za Nafula wa Ukunda hizo! Watu wangu, mtauawa!"

Cliff hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema kwanza. Kabla jua halijatua, video ilikuwa imezunguka Ukunda yote, imefika Msambweni, imerudi.

Nafula alimkuta Tsofa hospitalini Msambweni, mkono umefungwa bendeji. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimemlegea, machozi hayajaamua kama yatoke.

"Nionyeshe. Unaumwa? Tsofa, si uongee!"

"Naumwa kidogo tu, mpenzi. Tulia."

"Nitulie aje? Ulitia gani?"

Tsofa akautazama ukuta.

"Ulitia gani, Tsofa? Ilikuwa na uzi gani?"

"Ile uliyonipa."

"Uzi mwekundu?"

Kipimo cha macho kilikuwa kinamngoja wiki ile ile. Picha za nukta alizikariri zote. Mzee Baya alikuwa amekwisha mpigia simu akamwambia apone haraka.

"Eeh," akasema. "Mwekundu."

Nafula akakaa kitini polepole. Usoni mwake rangi ilihama. Hakuuliza tena, kwa sababu jibu alilipata: kama uzi ulikuwa mwekundu, basi ni yeye aliyeufunga pasipo pake. Ni mikono yake.

"Nisamehe," akamwambia. "Nisamehe, Tsofa. Mimi ndiye nimekuchoma."

Na yeye, badala ya kumkatiza, akamshika kichwa kwa mkono mzima akamwambia yamepita. Mimi hapa ndipo ninapotaka kumkamata shati.

Wateja wakapungua, kisha wakaisha. Wengine walimrudishia koili walizokuwa nazo, wakaziweka mezani bila maneno, kama mtu anayerudisha sahani iliyopasuka. Lakini hilo Nafula angelistahimili. Asilolistahimili lilikuwa vidole vyake. Alikaa mezani, akashika waya, akaanza kuupinda, akasimama. Akaupima, akaona namba ni sawa, akapima tena, bado akaona hawezi kuiamini. Akafika mahali akimbandikia mtu kioo cha simu anauliza mara mbili, "Umesema ni simu gani?" Miwani ya kukuzia akaitundika msumarini, na kazi ya koili akaiacha.

"Shoga'angu," Fauzia akamwambia, "mimi viazi nimeunguza mara ngapi? Umeniona nikiacha kukaanga?"

"Viazi haziuni mtu, Fauzia."

Kila siku Nafula alikwenda kumbadilishia Tsofa bendeji. Alimpikia uji, alimpaka dawa, alimpigia simu asubuhi.

"Umeamkaje, baharia wangu?"

"Salama. Mbona unapumua hivyo? Unatembea?"

"Siwezi kukaa. Nikikaa naona ule moshi."

"Usiufikirie."

"Naufikiria usiku na mchana halafu unaniambia nisiufikirie?" Akapunguza sauti. "Pole. Si wewe wa kupigiwa kelele. Wewe ndiye umeungua."

Tsofa alikata simu akazunguka chumba chake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa amekwisha pimwa macho. Alizitaja namba zote bila kukosea. Cheti kilikuwa njiani. Na kila alipofunga macho alimwona Nafula akimwomba msamaha.

Mambo yalifumukia kwenye nyanya. Mkono ulipopona, walikwenda pamoja soko la Ukunda, Nafula amevaa gauni la maua na ndala, akijaribu kuwa na furaha. Alikuwa akibishania bei ya sukuma wiki.

"Tsofa, nichagulie nyanya hapo. Zilizoiva."

Tsofa akanyoosha mkono, akaanza kuzibonyeza moja moja, kama alivyofanya siku zote. Mama muuzaji akamchapa kofi mkononi.

"We kaka, usinibonyezee nyanya! Zinaharibika. Chagua kwa macho, si ziko hapo?"

Akachagua kwa macho. Akajaza mfuko, akampelekea. Nafula akachungulia ndani akaangua kicheko, cha kwanza tangu mkasa ule.

"Tsofa! Hizi nitapika lini, Krismasi? Nusu ni mbichi, kijani kabisa!"

Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akautazama ule mfuko, akamtazama yeye. Akachukua pilipili hoho kwenye fungu la jirani.

"Hii ni rangi gani?"

"Rangi ya hoho," Tsofa akasema haraka. "Twende, jua limekuwa kali."

Nafula hakutembea. Watu walimpita wakimsukuma na vikapu, naye amesimama na hoho nyekundu mkononi. Nyuzi zile mbili zikamrudia, na tuktuk inayonguruma, na "nyekundu zangu," na ukuta wa hospitali.

"Uko na kitu unataka kuniambia?" akauliza taratibu.

"Kitu gani, mpenzi?"

"Chochote."

"Hakuna."

"Sawa," akasema Nafula. Akalipia sukuma, akapanda bodaboda, akaondoka peke yake.

Tsofa alimpigia, hakupokea. Alipiga tena jioni, akapokea.

"Nafula, nimekukosea nini?"

"Mimi nilikuuliza, ukajibu."

"Nakuja hapo."

"Usikuje. Tsofa, Mzee Baya anakupa boti lini?"

"Jumamosi. Nataka uwe abiria wangu wa kwanza. Vaa lile gauni lako."

"Gauni langu la rangi gani?"

Nafula alisubiri, simu sikioni. Alimpenda sana wakati ule kuliko siku zote, na alimchukia, na hakujua lipi limezidi.

"Lile zuri," Tsofa akasema.

"Nitakuja kuaga," akajibu. "Jumamosi hiyo hiyo narudi Bungoma. Hapa sina kazi tena."

Fauzia aliposikia alitupa kijiko. "Unaondoka kwa sababu ya mwanamume?"

"Naondoka kwa sababu ya mikono yangu. Nimejua hazikukosea, Fauzia. Na bado hazitulii. Anayeweza kuzituliza ni yeye peke yake, na hataki."

"Basi mseme wewe! Si una mdomo?"

"Nikisema, amepoteza boti kwa mdomo wangu. Sitaki. Kama ni ya kusemwa, aiseme yeye."

Jumamosi upepo ulivuma mkali kule Diani, na mivinje ilipiga kelele. Boti kubwa ilikuwa imeoshwa, imefungwa maua ya bougainvillea kwenye reli, na wageni wachache wenye majaketi ya kujiokolea walikuwa wakipanda. Tsofa alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia mpya yenye nanga. Cliff alizunguka na simu yake akirekodi kila kitu. Mzee Baya, mtu mfupi mwenye kitambi na sauti ya kuamuru, alishika funguo za injini.

Nafula akatokea na begi begani, nauli ya basi mfukoni. Alisimama mbali kidogo, lakini Mzee Baya alimwona.

"Karibu, binti! Huyu ndiye fundi aliyemchoma nahodha wangu?" Akacheka, na wengine wakacheka kidogo kwa heshima yake. "Usione vibaya, nakutania. Lakini nikupe ushauri wa mzee: kazi ya moto si ya kila mkono. Tafuta nyingine."

"Ndiyo, mzee," Nafula akasema. "Nishaiacha. Nakushukuru."

Aliyasema bila kinyongo, akimtazama mzee, hata jicho la lawama hakumtupia Tsofa. Kisha akamshika Tsofa mkono, ule ule wa kulia wenye kovu la moto.

"Kwaheri, nahodha. Endesha pole pole. Mkirudi giza limeingia, angalia taa vizuri. Kuna watu humo ndani."

Tsofa akajua kwamba anajua. Alikuwa amejua tangu sokoni, na alikuja hapa na begi, akatukanwa mbele ya watu, na bado hakumtaja. Mkono wa Nafula ulikuwa ndani ya wake, mwepesi, unatetemeka. Mkono wa fundi hautetemeki. Yeye ndiye aliyeufikisha hapo.

"Mzee," akasema. Akapaza sauti. "Mzee, subiri. Hakunichoma."

"Nani?"

"Nafula. Hakunichoma. Alizitenganisha sawasawa, akafunga uzi mwekundu kwangu na wa kijani kwa Cliff. Mimi ndiye niliyechanganya." Kofia ilimwasha kichwani akaivua. "Siioni nyekundu, mzee. Wala kijani. Kwangu ni rangi moja. Tangu nizaliwe. Pale kwa daktari nilizikariri zile picha. Nilimwachia Nafula abebe lawama ili wewe unipe boti."

Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa amekwisha kaa botini aliuliza kuna nini.

"Una maana," Mzee Baya akasema taratibu, "ningekupa watu hawa, jioni, kwenye mlango wa Shimoni, na boti zinakuja mbele, na wewe huoni taa?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee alimtazama mpaka watu wakaanza kugeuza nyuso. Kisha akazirudisha funguo mfukoni. "Usukani huupati. Si leo, si kesho, na kile cheti utakirudisha mwenyewe na kuwaeleza. Kazi ya kamba na nanga ipo, kama bado una uso wa kuja Jumatatu." Akamgeukia Nafula, akakohoa. "Binti, nimekusema vibaya. Nisamehe." Halafu akamfokea mwanawe, "Na wewe zima hilo simu!"

"Siwezi, baba," Cliff akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mimi ndiye niliyeitangaza ile. Na hii pia lazima niitangaze."

Nafula alikuwa amekwisha ondoka. Alipita chini ya mivinje kwa hatua za haraka, begi likimgonga kiunoni. Tsofa akamkimbilia.

"Nafula! Nafula, simama!"

Akasimama, akageuka, akamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili.

"Ungesema hospitali! Ungesema tu ukiwa umelala hapo! Unajua nimekuwa nikilala aje? Nikikata kitunguu nauliza mikono yangu kama iko sawa. Nikifunga kamba ya kiatu! Ulininyang'anya mikono yangu, Tsofa, halafu ukaniambia yamepita!"

"Najua."

"Hujui!"

"Sijui," akakubali. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Niliogopa. Usukani tu ndio nilioutaka maishani, mpaka ulipokuja wewe, na nilipaswa kujua kwamba haulingani nawe. Nimelijua hilo nimechelewa. Nafula, nataka kukuoa."

"Umechagua siku ya kuniambia!"

"Nikingoja siku nyingine, utakuwa Bungoma."

Alitaka kucheka akajizuia kwa hasira. Akakaa juu ya begi lake, akajishika magoti. Upepo ulimvurugia nywele.

"Mama yako anajua?" akauliza.

"Kuhusu wewe?"

"Kuhusu macho."

"Hajui."

"Sasa mimi niolewe na mtu anamficha hata mama yake? Mpigie. Sahii. Weka sauti nisikie."

Tsofa akatoa simu. Akabonyeza namba ya mama yake. Kule Kinango ikapokelewa, na nyuma yake ikasikika mbuzi.

"Mayo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Umepewa boti?"

"Sikupewa, mayo. Na sitapewa. Macho yangu hayaoni nyekundu na kijani. Nilikuwa nikikuficha tangu utotoni."

Mbuzi alilia. Mama akamfukuza, akarudi kwenye simu.

"Wewe unanificha mimi? Ulichora bendera shuleni, ukapaka kijani kwa nyekundu, mwalimu akakuchapa, ukarudi ukaniambia umeanguka mtini. Mjomba wako Japheth alikuwa hivyo hivyo. Nimejua siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukikimbia kila nikitaka kusema. Mtu anayekimbia hivyo unamwambiaje?" Akavuta pumzi. "Kuna mwingine anayejua?"

"Yupo hapa nami."

"Mpe simu."

Nafula akaipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Nafula."

"Nafula, huyu amekudanganya?"

"Amenidanganya, mama."

"Sana?"

"Sana."

"Na bado uko hapo naye."

Nafula akamtazama Tsofa aliyesimama mbele yake, kofia mkononi, kwa mara ya kwanza miguu yake imetulia mahali pamoja.

"Niko hapa," akasema.

"Unamtaka?"

"Namtaka, mama. Lakini nimemkasirikia. Sijui nitamaliza lini."

"Usingoje umalize," mama akasema. "Mje Jumapili na hasira zako zote. Nitachinja kuku."